Wamekuita Mzembe, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, ingawa huko uliko sijui salamu hupokewaje. Mama hajambo, ila goti la kushoto limeanza kumsumbua tangu mvua ziingie. Wadogo zangu wanasoma. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamepita kiuno. Hizo ndizo habari njema, na nimezitanguliza kwa sababu hukupenda mtu aanze na msiba kabla mwenzake hajakaa.

Sasa kaa, Baba.

Wiki iliyopita jina lako lilisomwa kwenye kipaza sauti, uwanjani Majengo, mbele ya watu wa mji na mbele ya wanafunzi wangu. Halikusomwa kwa sifa. Walikuita dereva mzembe na mlevi. Na aliyewapa maneno hayo ni mdogo wako wa tumbo moja, Kastori. Baba yangu mdogo. Uliyemnunulia viatu vya kwanza, uliyemfundisha kushika usukani.

Nimekaa siku kadhaa nikijaribu kuandika. Kila nikianza, hasira inafika kabla ya maneno. Leo nitajaribu kwenda polepole, maana mengi yametokea ukiwa umeshalala na hakuna aliyekueleza.

Nakukumbuka ukiwa na lori la ushirika. Ulipeleka mbolea Namtumbo, ukarudi na tumbaku, na ulipoingia nyumbani jioni ulinuka tumbaku hata Mama akawa anaanika shati lako mbali na nguo zetu. Siku hizo magari ya mji huu yalikuwa machache, na sisi watoto wa Lizaboni tuliyajua kwa mlio. Ajali ikitokea watu waliizungumza mwezi mzima. Walimjua dereva, walilijua gari, walimjua hata mwenye mbuzi aliyekatiza njia.

Ulinifundisha kuvuka barabara kabla sijajua kusoma. Ulinishika mkono tukasimama pembeni, ukaniambia nifumbe macho nikuambie gari linatoka upande gani, na kama limebeba mzigo au ni tupu. Nilikosea mara nyingi na wewe hukukasirika, ila hatukuvuka mpaka nilipopata. Watu walipita wakatucheka, mtu mzima amesimama barabarani na mtoto aliyefumba macho. Siku hizi nawafundisha hivyo hivyo watoto wa darasa la pili. Wanadhani ni mchezo.

Kisha kukaja mambo ya soko huria. Ushirika ukayumba, wanunuzi wapya wa tumbaku wakaja na magari yao, lori lako likauzwa na wewe ukapunguzwa kazi. Na magari yakaingia. Mabasi madogo yaliyokwisha kuchoka huko yalikotoka, bado yana maandishi ya nchi za watu ubavuni, yakapakwa rangi na kuingizwa barabarani. Mwenye duka akawa na basi. Mwenye mashine ya kusaga naye akawa na basi. Wewe hukuyachukia. Ulisema sasa wagonjwa wa vijijini watafika hospitali wangali hai.

Lakini kila mwaka, ikifika wiki ya usalama barabarani, ulivaa shati lako jeupe ukaenda uwanjani kusikiliza taarifa ya ajali za mwaka. Na kila mwaka ulirudi kimya kuliko mwaka uliopita. Mama akikuwekea chakula ulisema tu, "Zimezidi." Mwaka uliofuata, tena, "Zimezidi." Ajali haikuwa tena habari ya mwezi. Haikumaliza wiki kabla nyingine haijaja kuifunika. Siku moja Mama alikuuliza kwa nini unakwenda kusikiliza mambo ya kukuharibia usingizi. Ukamwambia kuwa baadhi ya wale wanaosomwa mle, gari umewafundisha wewe.

Ulikuwa umekaa nyumbani muda mrefu Bwana Alanus alipokuita. Mlitoka wote ushirika, yeye karani wa ghala na wewe dereva, na mlisali jumuiya moja. Alikuwa amenunua basi dogo la kwenda Namtumbo na kurudi, akasema hawezi kumwamini mwingine. Ulikubali kwa sharti moja, kwamba Kastori awe kondakta wako. Baba mdogo alikuwa hana kazi na alikuwa ameanza kukaa vilabuni kuanzia asubuhi. Ulisema mtu akiwa na safari ya kuamkia, pombe itamkimbia yenyewe. Ikawa kweli. Alibadilika. Jioni ulimpeleka barabara tupu ya kutokea mjini ukampa usukani, ukarudi unacheka, unatusimulia alivyoogopa ng'ombe.

Ya asubuhi ile ya mwisho niliyasikia kwa kinywa cha Baba mdogo mwenyewe. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Alikuwa kitandani hospitalini, mguu umefungwa, uso umechubuka. Wewe ulikuwa kwenye kile chumba kingine ambacho Mama alikuwa bado hajaweza kuingia. Tulisimama pembeni ya kitanda chake, Mama na mimi. Alilia kama mtoto, akamshika Mama mkono, akasema, "Shemeji, kaka alikataa. Alimwambia tajiri breki hazishiki, zinataka kukanyagwa mara tatu. Tajiri akasema nenda hii moja, ukirudi fundi atakuwa hapa."

Akatueleza kwamba ulishuka kwenye gari. Ukasimama pembeni na funguo mkononi. Bwana Alanus akakuambia kama umechoka kazi umkabidhi, yuko mtu mwingine atakayekwenda. Ukamtazama huyo mtu mwingine, ukawatazama abiria. Palikuwa na bibi ametoka hospitali siku hiyo hiyo, na mama mwenye kichanga, na wakulima na magunia yao. Ukasema heri uwapeleke wewe kwa gia nzito kuliko asiyelijua lile gari. Ukapanda tena.

Hapo nakukasirikia, Baba. Nisamehe, lakini nisipoliandika hapa nitaliandika wapi? Kwa nini hukusimama mlangoni ukawaambia washuke? Wewe ulikuwa mtu wa kusikilizwa. Abiria wote wangeshuka. Najua utasema angepewa mwingine, kesho yake lingetoka na mwingine. Najua. Lakini ulikuwa na sisi pia. Ulitufundisha kutovuka mpaka tuwe na hakika, halafu wewe ukavuka.

Kwenye ule mteremko mrefu kabla ya daraja, kanyagio lilikwenda mpaka chini lisirudi. Baba mdogo alisema ulipaza sauti mara moja tu, "Shikeni viti!" Kisha ukaliacha daraja, ukalipeleka gari kwenye ukingo wa udongo. Upande wako. Upande wa dereva. Yule bibi aliyetoka hospitali hakupona, na wewe hukupona. Wengine waliumia, wengine walivunjika, lakini wako hai, na kile kichanga hakikupata hata mkwaruzo.

Ndivyo alivyosema. Yote hayo. Mama aliyasikia na mimi niliyasikia.

Kwenye maziko yako Bwana Alanus alileta jeneza la mninga. Akasimama mbele ya watu akasema amempoteza ndugu. Mama alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi nilikaa kimya kwa sababu msiba si mahali pa madai, na kwa sababu niliamini sheria itafuata njia yake, maana shahidi alikuwepo na alikuwa wa damu yetu.

Tulipomaliza matanga tukaenda kwa trafiki kuuliza kesi imefika wapi. Ofisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitupisha kwenye benchi, akampa Mama pole. Kisha akasema kesi imefungwa. Dereva alikuwa anakimbiza gari, na siku iliyotangulia alikuwa amekunywa ulanzi mwingi, na dereva mwenyewe ndiye aliyefariki. Marehemu hashtakiwi.

Ulanzi. Wewe, uliyeacha pombe mwaka niliozaliwa.

Mama akauliza nani amesema hayo. Yule ofisa akasita. Akamtazama Mama kama mtu anayemwonea huruma, akasema, "Mama, ni kondakta wake. Ni ndugu yenu."

Tulipofika Lizaboni Mama alichukua jembe akaenda kulima, mchana, jua kali, palipokwisha kulimwa.

Mimi nilikwenda kwa Baba mdogo siku ile ile. Nilimkuta barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nilimwamkia, kwa kuwa ndivyo ulivyotulea. Kisha nikamuuliza. Hakukana, Baba. Ningependa angekana. Alizungumza akiangalia ule mguu, taratibu, kama mtu aliyekwisha kujizoeza. Akanieleza kwamba tajiri ananunua basi jingine, kubwa kuliko lile, na mguu ukipona yeye ndiye atakuwa dereva. Akanikumbusha ana watoto wanne. Kisha akasema, "Marehemu hafungwi, Skola. Kaka haimdhuru kitu. Mimi ningesema vingine, wanangu wangekula nini?"

Haimdhuru kitu. Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo kama mchanga kwenye ugali.

Muda si mrefu akaja kwetu mtu kutoka Namtumbo. Mwanaume wa makamo, mkulima wa tumbaku, amevaa kofia yake safi ya kwendea msikitini. Alikuwa mtoto wa yule bibi aliyefariki ajalini. Alikataa kiti, akasimama uani na kusema hakuja kwa shari. "Nimesikia marehemu alikuwa amelewa. Nimekuja kuuliza kwenu kama ni kweli, ili moyo wangu ujue pa kukaa." Mama alijifunika uso na kanga. Mimi nikamwambia si kweli. Akauliza, basi nani aliyesema hivyo? Nikamwambia, ni mdogo wake. Akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, akaondoka bila kunywa hata maji.

Niambie sasa, haidhuru kitu?

Nilitaka siku ile ile turudi kwa trafiki, Mama na mimi, tukaseme tulichokisikia hospitalini. Mama akanikatalia. Alisema Kastori akifungwa kwa kusema uongo, wale watoto wanne watabaki wa nani, na sisi tutakuwa tumezika wawili katika mwaka mmoja. Akasema wewe usingetaka. Na ni kweli usingetaka.

Basi tukanyamaza. Mguu ukapona, ukabaki na kuchechemea kidogo. Basi jipya likaja, ambalo ni jipya kwa rangi tu, na Baba mdogo akakaa nyuma ya usukani. Na kila Jumapili baada ya misa alikuja kula kwetu kama zamani. Alikaa kwenye kiti chako. Nilimnawisha mikono, nikamkaribisha chakula, akasema ahsante mwanangu. Kila Jumapili. Nilikuwa nikimwagia maji kwenye vidole vile nikifikiri, hivi ndivyo vidole alivyovitia wino pale polisi kuthibitisha uongo wake.

Mwaka ukazunguka, ikafika wiki ya usalama.

Shule yetu ilialikwa kuimba. Watoto wangu walivaa soksi nyeupe, waliimba vizuri, watu wakapiga makofi. Magari yalikuwa yamepangwa pembeni ya uwanja yakikaguliwa na kubandikwa stika. Basi la Bwana Alanus lilikuwemo, na Baba mdogo amesimama kando yake na shati jipya. Niliona lilivyokaguliwa, Baba. Askari kijana alilizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akawasha taa na kuzima, akabandika stika kwenye kioo. Hakuna aliyeinama kutazama chini. Bwana Alanus alikuwa amekaa viti vya mbele na wageni.

Kisha ikasomwa taarifa. Zimezidi, Baba. Msomaji alisema mwaka hadi mwaka zinazidi, na chanzo kikubwa ni uzembe wa madereva. Hakusema habari ya magari wala ya wenye magari. Akatoa mfano, na mfano ulikuwa wewe. Alitaja jina lako lote, la ukoo na la ubatizo. Akasema ulevi na mwendo kasi, akasema umesababisha kifo cha mwanamke mzee asiye na hatia, akawataka watoto waliopo wakikua wasiwe madereva wa namna hiyo.

Watoto wangu wanalijua jina la ukoo la mwalimu wao. Walianza kugeuka mmoja mmoja kunitazama. Mmoja wa kike akanishika sketi akaishikilia.

Yalipofika maswali nikanyoosha mkono. Sikujua nitasema nini mpaka nilipopewa kipaza sauti. Nikasema mimi ni mtoto wa dereva aliyetajwa. Nikasema shahidi wa ajali ile yupo pale karibu na basi, naomba nimuulize jambo moja mbele ya watu. Nikamgeukia. "Baba mdogo, maneno uliyomwambia Mama hospitalini yalikuwa kweli au uongo?"

Alikuwa na kitambaa mkononi. Aliinamisha kichwa akaanza kufuta kioo cha basi, taratibu, mahali pale pale. Hakunitazama. Mkuu wa shughuli akachukua kipaza sauti, akasema kwa upole kwamba mwalimu ana uchungu, tumwelewe, hayo ni ya kifamilia yatamalizwa nyumbani. Watu wachache wakacheka. Kikaitwa kikundi cha ngoma.

Nilirudi shule na watoto wangu kwa miguu, tukivuka barabara kwa kusikiliza. Sikulia mpaka nilipowafikisha.

Siku ya tatu yake, jua likiwa linakaribia kuzama, Baba mdogo akaja. Haikuwa Jumapili. Nilidhani amekuja kugomba, au pengine, nikajidanganya, kutubu. Hakukaa kwenye kiti chako. Alikaa kwenye kizingiti. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Akasema, "Shemeji, breki za hili nazo zimeanza. Zinataka kukanyagwa mara tatu."

Mama aliuweka ungo chini.

Akasema amemwambia tajiri. Akasema tajiri amejibu aende hii ya kesho, akirudi fundi atakuwepo. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma maandishi kwa mara ya kwanza. Nikamwambia asiende. Akasema asipokwenda atapewa mwingine. Kisha akatuomba tusimwambie mtu, alikuwa anatafuta tu pa kupunguzia moyo. Hebu litafakari hilo, Baba. Katika mji mzima wa Songea, mahali pekee alipoona pa kuja kuonewa huruma ni kwenye nyumba aliyoiibia.

Mama alimpa maji ya kunywa. Mimi niliingia ndani.

Asubuhi sikupitia shule. Nilikwenda stendi. Basi lilikuwa limejaa, injini inanguruma, yeye yupo kwenye usukani. Nilisimama mlangoni nikawaambia abiria kwamba gari hili breki zake hazishiki na dereva anajua. Sikupiga kelele. Walinitazama. Mwanaume mmoja akasema huyu ni yule mwalimu, msiba umemchanganya. Kondakta akanisukuma kidogo begani. Bwana Alanus akaja, akaniambia kwa sauti ya baba kwa mtoto nirudi kwa wanafunzi wangu nisimharibie kazi.

Nikazunguka mbele, kwenye dirisha la dereva. Nikasema, "Baba mdogo, waambie."

Alikuwa anashikilia usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nilimwona anaangalia kwenye kioo cha ndani, kile cha kuwaonea abiria. Sijui alimwona nani. Palikuwa na wanawake wenye watoto, kama siku ile. Kisha akazima injini. Akafungua mlango, akashuka akichechemea, akaenda kusimama walipo abiria, akasema kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo wote waliisikia, "Breki hazishiki. Shukeni."

Wakashuka. Wengine walinung'unika, wengine wakamshukuru Mungu. Bwana Alanus akamnyang'anya funguo mbele ya watu akamwambia asionekane tena pale. Gari halikutoka siku hiyo. Nasikia limepelekwa kwa fundi, na ninaomba iwe kweli.

Nilifurahi kwa ajili ya wale watu. Naapa nilifurahi. Lakini nikiwa nimesimama pale, nikaona na jingine. Kumbe sauti anayo. Kumbe inawezekana kusema maneno mawili mbele ya tajiri na dunia isianguke. Kwa watu asiowajua hata majina aliweza. Kwako, kaka yake, hakuweza. Alikuwa na mwaka mzima na hakuweza.

Nilimfuata njiani. Nikamwambia kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha kwenda, hana tena cha kulinda, twende sasa hivi kwa trafiki akaseme na yako. Akasimama. Nilidhani amekubali. Akasema, "Hilo siwezi, mwanangu. Watanifunga kwa uongo wa kwanza." Akaendelea na safari yake.

Sasa mji mzima unamsifu. Stendi wanamtaja kwa heshima, dereva aliyekubali kupoteza kazi kuliko kuua watu. Jumapili jumuiya walimwombea baraka. Na wewe bado ndiwe mfano wa mzembe. Wanaweza hata kuwalinganisha, Baba: kaka mlevi aliyeua, mdogo mtu mwema aliyeokoa. Nimesikia mtu akisema hivyo sokoni, akinunua dagaa. Niliacha vitu vyangu mezani nikaondoka.

Nilimsimulia Mama yote alipokuwa anamenya karanga. Hakusimamisha mikono. Nilipofika kwenye neno la "hilo siwezi," akaendelea kumenya mpaka bakuli likajaa. Nilidhani atasema tena kwamba wewe usingetaka. Akakung'uta maganda kwenye kanga, akasema, "Kwa abiria amesema mwenyewe. Kwa mume wangu nitasema mimi."

Nikamuuliza, na wale watoto wanne je? Akasema watakula hapa.

Basi Jumatatu tunakwenda, Mama na mimi. Yeye ataeleza alichoambiwa akiwa ameshikwa mkono kando ya kile kitanda, na mimi nitaeleza nilichosikia nikiwa nyuma yake. Huenda watasema kesi imefungwa. Tutauliza hufunguliwa vipi. Huenda watatuambia turudi wiki nyingine, nasi tutarudi. Mama amekwisha kufua ile kanga yake ya msiba. Anasema ndiyo atakayovaa.

Kuhusu Baba mdogo sijui niseme nini. Mama anasema moyo wake umeanza kulegea kwa shemeji yake. Wangu haujalegea. Labda wewe umekwisha kumsamehe, maana ulikuwa mwepesi kwake siku zote, na labda ndiyo sababu alijua anaweza kukusingizia. Ukiwa na njia ya kuniombea, niombee juu ya hilo. Lakini usiniombe ninyamaze.

Mvua inataka kunyesha, na watoto wa darasa la pili wananisubiri. Pumzika, Baba. Siwezi kukuahidi kwamba tutashinda, maana hukupenda ahadi za bure. Ninachokuahidi ni kimoja: kama jina lako litabaki vile lilivyo, litabaki kwa sababu walituambia hapana mbele ya macho yetu. Halitabaki tena kwa sababu sisi wa nyumbani kwako tulinyamaza.

Mwanao,
Skola